Chuo Kikuu cha Aizu: kwa nini sikwenda Tokyo

Mjomba alipopata habari kwamba nimechagua Aizu, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza, "Mama, si ulisema ni Tokyo?" Sikuwa nimesema. Ni yeye aliyewatangazia watu wa Khayega siku ya soko kwamba mpwa wake anakwenda Tokyo, na sasa ilibidi arudi kuwapa jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Nilimwambia alisome tu kama lilivyoandikwa, A-i-zu, maana irabu za Kijapani hutamkwa kama zetu. Hilo lilimpoza kidogo.

Naandika haya kwa sababu haupiti mwezi kabla kijana wa Kakamega, wa Kisumu au wa Bungoma hajanitafuta kuuliza habari za kusoma Japani, na karibu wote huanza na swali la mjomba. Nilikaa Aizu kuanzia Oktoba 2016 hadi Machi 2019. Miezi sita ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa utafiti, kisha nikafanya shahada ya uzamili ya kompyuta. Nitasema nilichokipenda na nilichokivumilia.

Chuo kiko katika mji wa Aizuwakamatsu, mkoa wa Fukushima. Wajapani wana vyuo vikuu vya aina tatu: vya taifa, vya umma ambavyo huendeshwa na mkoa au jiji, na vya binafsi. Aizu ni mali ya mkoa. Kilifunguliwa mwaka 1993, na ndicho chuo kikuu cha kwanza Japani kilichoanzishwa kwa ajili ya kompyuta peke yake. Wanafunzi wa shahada ya kwanza ni kama 1,000, na wa uzamili na uzamivu ni mia chache tu juu ya hao. Hapa kwetu kuna shule za upili za bweni zenye watoto wengi kuliko hao.

Udogo huo ndio ulionipeleka huko, na ni lazima nieleze ilivyokuwa.

Nilipata ufadhili wa serikali ya Japani, ule unaoitwa MEXT, kupitia ubalozi wao Nairobi. Watu wengi hudhani ukishapita mtihani na mahojiano, serikali inakupangia chuo kama wanavyotupangia hapa baada ya KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari. Kwa ngazi ya uzamili haiko hivyo. Ubalozi ukishakupitisha unakupa karatasi zenye muhuri, halafu unabaki na wiki chache za kumtafuta mwenyewe profesa atakayekubali kwa maandishi kukusimamia. Nilituma barua pepe kumi na moja kutoka saiba moja pale Kakamega, kwa sababu kompyuta yangu ilikuwa imekufa betri na stima ilikuwa ikipotea kila mvua ya alasiri iliponyesha.

Nane hazikujibiwa. Chuo kimoja cha binafsi cha mjini Tokyo kilinijibu kupitia karani, kikaniambatishia fomu. Kingine kikubwa, cha Tokyo pia, kilinikubali kwa barua ya mistari minne ambayo haikutaja popote kitu nilichotaka kusoma. Jibu la Aizu lilikuja siku ile ile niliyotuma. Profesa alikuwa ameusoma mradi wangu wa mwaka wa nne, wa kutambua ugonjwa wa majani ya mahindi kwa picha za simu, na akaniuliza maswali matatu. Mawili niliyajibu. La tatu lilinishinda, lilihusu jinsi nilivyotenganisha picha za kufundishia programu na picha za kuipimia, na nilipolitafakari nikaona kwamba nusu ya matokeo yangu hayakuwa na msingi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Shahada ya kwanza niliisoma katika darasa la watu zaidi ya 200, na msimamizi wa mradi nilimwona mara mbili: siku ya kuandikisha kichwa cha mradi na siku ya kutia sahihi.

Nilimwandikia ukweli kwamba jibu sina. Akajibu, "Vizuri, tuanzie hapo." Nikachagua Aizu usiku huo huo. Mama yangu alinielewa kabla ya mtu mwingine yeyote, ingawa alikuwa na hofu yake, ambayo nitaifikia.

Maabara yetu ilikuwa na wanafunzi saba. Kila Alhamisi kulikuwa na kikao, kila mtu anasimama na kueleza alichofanya wiki hiyo, na ukiwa hukufanya kitu inajulikana kabla hujafungua mdomo. Wiki za kwanza nilikuwa naogopa Alhamisi kama mtoto anayeogopa sindano. Kufikia mwaka wa pili ndiyo siku niliyokuwa naisubiri. Kati ya wahadhiri wa Aizu, karibu wanne katika kila kumi si Wajapani, na masomo ya uzamili yanafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo anayekuja bila Kijapani hapotei darasani. Vyumba vya kompyuta vinafunguliwa saa ishirini na nne. Nimetoka humo alfajiri mara nyingi, peke yangu, msichana, nikapanda baiskeli hadi nyumbani kando ya mashamba ya mpunga, na moyo wangu ukiwa umetulia.

Kuna jambo moja ambalo wageni hawalijui mpaka wafike. Wanafunzi Wajapani wa shahada ya kwanza hapo wanaandika tasnifu yao ya mwisho kwa Kiingereza. Ikifika Januari walikuwa wanapanga foleni mezani kwangu niwasomee sentensi zao, nami nilikuwa na karatasi zangu za Kijapani kutoka ofisi ya jiji, za bima, za maji, za takataka. Tulibadilishana kazi. Urafiki wangu na Wajapani ulianzia hapo, kwenye kusaidiana, na mpaka leo wawili kati yao hunitumia picha za watoto wao.

Juni 2018 chombo cha anga cha Japani kiitwacho Hayabusa2 kilifika kwenye kisayari Ryugu, na baadhi ya watafiti wa chuo chetu walikuwa katika kikosi kilichotengeneza umbo lake kutokana na picha. Katika chuo kikubwa ningelisoma hilo kwenye gazeti. Aizu, watu waliofanya kazi hiyo nilikuwa nakula nao katika mkahawa mmoja.

Sasa udogo huo una upande wa pili. Kompyuta ndiyo kila kitu. Ukifika katikati ya mwaka ukagundua roho yako iko kwenye uchumi au uuguzi, hakuna jengo la pili la kuhamia, unaanza upya kwingine. Kijana ambaye bado anapapasa, namshauri aende kwenye chuo chenye vitivo vingi. Tena, maabara ni chache. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu soma kazi za maprofesa mmoja mmoja uone kama yupo hata mmoja anayefanya unachokitaka. Asipokuwepo, usiende, hata kama barua ya kukubaliwa unayo mkononi.

Mji nao, miaka ile, ulikuwa wa watu kama 120,000, wengi wazee, na ikifika saa mbili usiku barabara zimelala. Kutoka Tokyo unapanda treni ya kasi hadi Koriyama, halafu treni ya kawaida ya Ban'etsu Magharibi kwa zaidi ya saa moja ikipanda kati ya milima. Mara ya kwanza nilipopita, Mlima Bandai ulikuwa kulia na majani yote yalikuwa mekundu. Mlima huo ulilipuka mwaka 1888 na upande wake mmoja ukaporomoka, na mpaka leo unauona ulipomegeka.

Kisha ikaja baridi. Nataka anayesoma akiwa Kisumu, shati limemganda mgongoni kwa joto, anisikilize vizuri hapa. Theluji ya Aizu huanza Desemba na huwezi kuweka baiskeli barabarani hadi Machi. Nyumba nyingi hazina kipasha joto cha jengo zima. Unanunua jiko la mafuta taa, mafuta taa yale yale tuliyosomea kwa koroboi, na unayabeba katika dumu jekundu la lita 18. Nimelibeba dumu hilo juu ya theluji huku nikiwaza mama zetu wanaopanda na mitungi kutoka mto Yala. Asubuhi unaamka mapema uondoe theluji mlangoni kwa sepeto, na ukiacha ya kwako jirani yako mzee wa miaka 80 ataiondoa kwa niaba yako, jambo ambalo litakuumiza zaidi ya baridi. Januari ya kwanza niliteleza nikavunjika mkono. Hapo ndipo nilipoijua bima yao ya afya ya taifa: kila mkaazi asiye na bima ya kazini lazima ajiandikishe, mwanafunzi akiwemo, na hospitalini unalipa asilimia 30 tu. Picha, plasta na dawa zote, niliyalipa kwa pesa nilizokuwa nazo kwenye pochi.

Giza la saa kumi na moja jioni ndilo lililonitesa kuliko baridi yenyewe. Kuna wiki nilizokuwa nikilia bila kujua sababu. Mhudumu wa ofisi inayoshughulikia wageni aliona sikufika siku mbili, akanipigia simu, kisha akaja na machungwa madogo na supu. Chuoni pa wanafunzi 20,000 nani angejua sikufika?

Chakula nitakipitia haraka, ingawa ndicho mnachouliza zaidi. Omena ipo. Wanaiita niboshi, ni dagaa wa baharini waliokaushwa, na Wajapani huwachemsha kwa ajili ya mchuzi tu kisha wanawatoa. Mimi niliwakaanga kwa nyanya na kitunguu, na wenzangu wa maabara wakaniangalia kwa mshangao, halafu wakamaliza sufuria. Mboga ya komatsuna ukiikata nyembamba inashika nafasi ya sukuma wiki. Unga wa ugali niliagiza kwa posta kutoka maduka ya wageni mijini, na bei yake ilikuwa chungu. Nywele nilijifunza kusuka mwenyewe mbele ya kioo.

Hofu ya mama ilikuwa moja, Fukushima. Alikumbuka picha za Machi 2011, bahari ikibeba nyumba, na kituo cha nyuklia kikitoa moshi. Nilimwonyesha kwenye ramani kwamba mkoa huo ni mpana, na Aizuwakamatsu iko karibu kilomita 100 magharibi ya kituo kile, nyuma ya safu mbili za milima. Bado hakulala vizuri hadi nilipofika nikamtumia picha ya mfuko wa mchele wenye kibandiko cha kuthibitisha umepimwa. Miaka hiyo mchele wote wa mkoa ulikuwa ukipimwa mionzi mfuko kwa mfuko, kazi iliyoanza mwaka 2012. Katika darasa la Kijapani la kujitolea nilifundishwa na bibi mmoja aliyetoka Okuma, mmoja wa miji miwili ambamo kituo chenyewe kimejengwa. Wakaazi wa Okuma wengi walihamishiwa kwetu, na hata ofisi za mji wao zilihamia Aizuwakamatsu hadi 2019. Bibi huyo alinifundisha neno la kwanza la lahaja ya Aizu, *beko*, yaani ng'ombe, baada ya kumwambia kwamba natoka mahali ambapo mafahali hupiganishwa na kijiji kizima hufuata na ngoma za isukuti. Alicheka hadi akafuta machozi. Siku ya pili akaniletea akabeko, ng'ombe mwekundu wa karatasi ngumu anayetikisa kichwa ukimgusa, ambaye watu wa Aizu huwapa watoto ili awakinge na maradhi. Kukhu wangu, yaani bibi yangu, anaye hadi leo, juu ya kabati, na hamruhusu mtoto yeyote kumgusa.

Kuna jambo lingine nililolikuta huko ambalo sikulitarajia. Kwenye noti ya yen 1,000 ya wakati ule kulikuwa na picha ya daktari, Hideyo Noguchi. Alizaliwa Inawashiro, mji jirani, mwaka 1876, akaungua mkono wa kushoto motoni akiwa mtoto mchanga, akasomea udaktari, na akafia Accra mwaka 1928 akichunguza homa ya manjano. Nyumba yao iliyoezekwa kwa nyasi ingalipo, na shimo la moto aliloungulia liko pale pale. Nilisimama hapo nikakumbuka kwamba Japani ina tuzo ya Afrika yenye jina lake, na ilipotolewa mara ya kwanza, mwaka 2008, mmoja wa washindi wawili alikuwa Profesa Miriam Were, mzaliwa wa kijiji cha Lugala, Kakamega, kwa kazi yake ya afya ya jamii vijijini. Nilitoka nyumbani nikidhani nakwenda mahali pasipohusiana nasi hata kidogo. Nilimpigia mjomba simu nikiwa mlangoni mwa ile nyumba. Tangu siku hiyo hakutaja tena Tokyo.

Pesa. Karo ya kawaida ya vyuo vya taifa Japani ni yen 535,800 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa 2005, na ada ya kujiunga ni yen 282,000. Vyuo vya umma vya mikoa vingi viko karibu na hapo, ila ada ya kujiunga mara nyingi huwa juu kwa anayetoka nje ya mkoa, kwa hiyo angalieni mstari huo kwa makini. Kwa shilingi, karo ya mwaka ni kama 450,000, ikipanda na kushuka pamoja na bei ya yen. Chuo cha binafsi kilichonitumia fomu kilitaka zaidi ya yen milioni moja. Mimi MEXT ililipa karo na tiketi ya ndege, ikanipa yen 144,000 kwa mwezi nilipokuwa uzamili. Chumba changu kilikuwa yen 28,000. Rafiki yangu wa Tokyo, mwenye ufadhili huo huo, alilipa zaidi ya mara mbili kwa chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote. Kila mwezi nilibakiwa na kitu cha kutuma nyumbani, na ndugu yangu mdogo alimaliza sekondari kwa pesa hizo.

Kuhusu vibarua, mwanafunzi akipata kibali anaruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki, na si zaidi, isipokuwa wakati wa likizo ndefu. Nilikuwa naosha vyombo Jumamosi katika nyumba ya wageni kwenye chemchemi za moto za Higashiyama. Aizu kazi hizo si nyingi, na asiyejua Kijapani atabaki kwenye sinki. Nasema haya kwa sababu kabla ya MEXT kulikuwa na wakala mmoja Kisumu aliyetaka shilingi 150,000 anipeleke shule ya lugha, akiniapia kwamba nitafanya kazi nijilipie karo yote na nibakiwe. Baba alikuwa tayari ameanza kutafuta mnunuzi wa shamba la miwa. Piga hesabu ya saa 28 mwenyewe kabla ya kuuza chochote: toa kodi ya nyumba, chakula, bima, nauli, mafuta taa ya jiko, halafu uone karo itatoka wapi. Barua kwa profesa, fomu ya ubalozi, vyote hivyo nilivifanya bila kumlipa mtu senti.

Neno kwa waliomaliza sekondari: Japani hutaka miaka 12 ya shule kabla ya chuo kikuu, na mfumo wetu wa 8-4-4, miaka minane ya msingi na minne ya sekondari, unatimiza. Ila mwaka wao wa masomo huanza Aprili, na ni vyuo vichache vinavyopokea wanafunzi pia majira ya vuli. Aizu ina mkondo wa shahada ya kwanza unaofundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo msiache kujifunza Kijapani kwa sababu hiyo. Mimi nilikizembea mwaka mzima wa kwanza, na ulipofika msimu wa kutafuta kazi, ambao kwao huanza karibu mwaka mmoja kabla ya kuhitimu, wenzangu Wavietnamu waliokikazania waliitwa kwenye mahojiano na mimi sikuitwa. Hilo najilaumu mwenyewe, na linaniuma bado.

Niliporudi, nilipeleka vyeti vyangu kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vitambuliwe, jambo ambalo ni vizuri kulifanya mapema kabla kazi haijatangazwa. Kwenye mahojiano yangu ya kwanza Kisumu, bwana mmoja alitazama cheti akauliza Aizu ni chuo cha namna gani, mbona hakijui. Nilimwomba dakika kumi na kalamu ya ubaoni. Nikamchorea ile picha ya jani la mahindi, nikamweleza swali la tatu la profesa wangu na jinsi nilivyolijibu baada ya miaka miwili. Kazi nikaipata, na ndiyo niifanyayo hadi sasa.

Juzi binti wa jirani yetu Shinyalu amepita ubalozini, na sasa ana orodha ya maprofesa sita. Nimemwambia asome kwanza kazi mbili za kila mmoja, aandike barua sita tofauti, na katika kila barua aulize swali ambalo kweli hana jibu lake. Na azitume asubuhi. Japani iko saa sita mbele yetu, kwa hiyo barua ikifika kabla ya saa tano asubuhi ya hapa, kule bado haijagonga saa kumi na moja jioni, na profesa wa chuo kidogo huenda bado yuko mezani kwake.